Mdogo Wangu Alipokilima Kibanja Changu

Kibanja cha Chonyonyo nilikirithi mimi, lakini mkono wa kukilima aliurithi mdogo wangu. Sisemi hivyo kwa unyenyekevu. Nilijua tangu utotoni, na kulijua jambo hilo kulinichoma. Baba alikuwa anatupa kila mmoja chipukizi lake la mgomba, tunapanda siku moja, shimo karibu na shimo. Baada ya mwaka na kitu, la mdogo wangu limebeba mkungu ambao majirani wanasimama kuuangalia, na langu limesimama tu, jembamba, kama mgeni ambaye hajaambiwa akae wapi. Baba alikuwa anacheka. "Huyu ana mkono," alisema. Mimi hakusema nina nini.

Lakini mila ni mila. Mimi ndiye niliyekuwa mtoto wa kwanza wa kiume. Baba alipofariki, wazee wa ukoo walinikabidhi nyumba, migomba, mibuni, na kaburi lake ambalo limo humohumo katikati ya migomba. Dada yetu, mkubwa kuliko sisi wote, alikuwa muuguzi Bukoba na hakuwa na haja ya ardhi. Mdogo wangu alishukuru kwa kidogo alichopewa, akaenda Kamuli huko Kyerwa, akanunua pori na kuligeuza kibanja. Mimi nikabaki Chonyonyo, mwalimu wa hesabu wa sekondari na mkulima wa Jumamosi.

Mgongo wangu uliharibika siku moja ya msimu wa kahawa. Nilikuwa napakia gunia la kahawa kavu kwenye pikipiki, peke yangu, kwa sababu niliona kumwita jirani ni aibu. Nilipolinyanyua nilisikia kitu kimeachia chini ya kiuno. Maumivu yalishuka kwenye paja la kushoto, yakapita nyuma ya goti, yakaenda kukaa kwenye kidole kidogo cha mguu. Hayakuhama hapo kwa karibu miaka miwili. Nilifundisha nikiwa nimeegemea meza. Wanafunzi walijifunza kwamba nikinyamaza katikati ya swali na kushika ubao, wao waangalie madaftari yao mpaka nitakapoendelea.

Nilikandwa, nikachuliwa, nikanywa dawa za mizizi na dawa za duka. Mwishowe dada alinipeleka kwa daktari bingwa, nikapigwa picha ya kuingia kwenye ile mashine inayogonga kama fundi bati. Daktari alituonyesha diski iliyo kati ya pingili mbili za chini za uti wa mgongo. Zile nyingine zilikuwa nono na nyeupe. Hiyo ilikuwa nyeusi na imebonyea.

"Hii imekwisha," alisema. "Inaweza kutolewa ukawekewa ya bandia. Lakini nakushauri uende India. Kule wanaifanya kila wiki."

Dada ndiye aliyeandikiana na hospitali ya huko. Ndugu walichanga, walimu wenzangu walichanga, usharika ukachanga. Ilichukua miezi mingi, na mimi mwenyewe nilikwisha kata tamaa siku dada aliponipigia simu na kusema, "Fungasha."

Jumapili kabla ya safari mdogo wangu alikuja kutoka Kamuli na begi moja na jembe lake. Hakuwa ameitwa. Alikaa sebuleni, akatafuna kahawa ambazo mke wangu alimkaribisha nazo, akasema, "Kaka, wewe nenda. Kibanja nitakiangalia mimi mpaka urudi."

"Na chako?"

"Changu kina mwenyewe. Mke wangu yupo."

Nilipaswa kushukuru, na nilishukuru kwa mdomo. Lakini jioni ile alichukua panga langu, akakaa kwenye jiwe nyuma ya jiko, akalinoa kama saa nzima. Mke wangu alipolijaribu kwenye shina la mgomba lilipita kama linakata sabuni. "Kumbe panga hili linakata!" alisema, akacheka. Nilikuwa nimelala chali kwenye mkeka, mahali pekee ambapo mguu ulinipa nafuu, nikamsikia. Miaka kumi na minne nilikuwa nampa mke wangu panga butu na hakuwahi kulalamika. Siku hiyo ndipo nilipojua kwamba alikuwa amevumilia tu.

Tulisafiri kwa gari dogo la kukodi. Walinilaza kiti cha nyuma na mto chini ya magoti, dada akakaa mbele. Sikuiona njia. Niliona matawi, nyaya za umeme na mawingu, na nilijua tumefika Kyaka kwa sababu gari lilishuka mlima mrefu na dada akasema, "Mto huo." Mpakani Mutukula niliteremshwa kugonga pasipoti nikiwa nimeshikwa makwapa kama mlevi. Entebbe nilipewa kiti cha magurudumu, na kwenye ndege nilikaa saa nyingi nikihama kutoka tako moja kwenda lingine. Nilimwonea wivu kila mtu aliyelala. Kulikuwa na mwanamume mnene upande wa pili wa ujia aliyelala tangu tulipopaa mpaka tulipotua, shingo imekunjika, mgongo umejipinda, na alipoamka alijinyoosha mara moja tu akasimama. Nilimchukia mtu yule. Hakunifanyia lolote.

Hospitali ilikuwa kubwa kuliko soko la Kayanga, safi, baridi. Chumbani tulikuwa wawili. Mwenzangu alikuwa mzee wa Kiganda, ametangulia kufanyiwa upasuaji kama wangu kwa siku moja. Alikuwa na mke wake, mama mfupi mwenye gomesi, lile gauni refu la Kiganda, ambaye alimlisha uji kwa kijiko na kumfuta midevu. Mke wangu alibaki na watoto. Kwetu hatukuwa na uwezo wa kuja watatu. Dada alinihudumia vizuri kuliko muuguzi yeyote wa pale, lakini hakunifuta midevu.

Asubuhi yangu ilipofika walinisukuma hadi kwenye chumba chenye taa kali. Daktari, kijana mwenye sauti ya chini, alinionyesha diski ya bandia ya mfano kabla ya dawa ya usingizi: visahani viwili vya chuma na kitu kama jiwe jeupe katikati, vyote pamoja havizidi kizibo cha chupa ya soda. Alisema wataingilia tumboni, chini ya kitovu, kwa sababu njia ya mbele ndiyo inayofika vizuri. Nilidhani Kiingereza changu kimenidanganya. Nikamwangalia dada. Dada akaitika kwa kichwa.

Nilipozinduka, kitu cha kwanza nilichokitafuta kilikuwa maumivu ya kidole kidogo. Hayakuwepo. Tumbo liliniuma, koo liliniuma, lakini kidole kilikuwa kimya. Nililia. Dada alidhani naumwa akaita muuguzi.

Kesho yake walinisimamisha. Mzee wa Kiganda alikuwa anatembea ujiani, hatua kwa hatua, mkewe pembeni, na manesi wanampigia makofi. Mimi nilienda hatua nne nikaona giza, wakanirudisha kitandani. Alipopita mlangoni alinipungia mkono, akasema kwa Kiswahili chake cha kubahatisha, "Pole pole, ndugu." Nikageuza uso ukutani. Mtu wa miaka sabini! Nilitamani mguu wake uume hata kidogo, tuwe sawa. Sijawahi kumwambia mtu hilo mpaka leo.

Siku ya tatu nilitembea hadi dirishani. Siku hiyohiyo, mchana, mke wangu alipiga simu ya video. Nilifurahi kuona uso wake. Alikuwa amenawiri. Aliuliza habari, akaniombea, akasema watoto wanasalimu, kisha akasema, "Ngoja nikuonyeshe." Akatoka nje na simu.

Sikukitambua kibanja changu. Majani makavu yote yalikuwa yamekatwa, nyasi zimetandazwa chini ya kila shina, machipukizi ya ziada yameondolewa. Kila shina lilikuwa limebaki na mama, mtoto na mjukuu, kama baba alivyokuwa anatufundisha. Mwisho wa picha alikuwepo mdogo wangu. Alikuwa ameinama kuanzia kiunoni, miguu imenyooka, mgongo bapa kama meza, analima huku anaimba wimbo wa kanisani kwa maneno ya kubuni. Watoto wangu walikuwa wanamfuata nyuma, wanacheka. Mke wangu naye akacheka, simu ikatikisika.

"Shemeji huyu ni kituko," alisema. "Tangu aje hatujanuna hata siku moja."

Nilisema mtandao unasumbua, nikakata.

Dada alikuwa anamenya chungwa pembeni. Hakuinua kichwa. "Una wivu," alisema.

"Wivu wa nini? Anilimie shamba nimwonee wivu?"

"Sijui. Nimeuona uso wako."

Sitaficha. Kwa wiki zote za hospitali na za ile nyumba ya wageni tuliyokaa tukisubiri daktari aniruhusu kupanda ndege, nilimwonea mdogo wangu wivu wa kila aina. Nilimwonea wivu wa mgongo wake. Nilimwonea wivu wa mkono wake. Nilimwonea wivu wa kucheka kwa mke wangu. Mkewe yuko Kamuli, nilijiambia, na yeye ni mtu wa heshima, analala chumba cha wageni, tena Jumamosi anaenda kwake. Nilijua yote hayo. Lakini kila simu ilipokuja niliuliza maswali kama askari: amekula wapi, ameamka saa ngapi, kwa nini leo sauti yako iko juu. Baada ya muda mke wangu alianza kupiga simu mara chache, na hilo nalo nikalifanya ushahidi.

Nilirudi nyumbani baada ya wiki sita, nimefungwa mkanda mpana kiunoni, na karatasi ya masharti mkononi. Nisiiname. Nisinyanyue kitu kizito kuliko jagi la maji. Nisijipinde. Nitembee kila siku. Hayo kwa miezi mitatu. Kwa mtu wa Chonyonyo ni kama kuambiwa usiishi, maana kwetu kila kazi iko chini: jembe liko chini, moto uko chini, mtoto yuko chini, ndizi zinamenywa chini.

Watu walikuja kunipa pole na hongera. Nilipowaonyesha kovu walibaki midomo wazi. "Mgongo umepasuliwa tumboni?" bibi mmoja aliuliza. "Mwalimu, una hakika hawakukosea?" Walicheka, nami nikacheka nikiwa nimeshika mkanda. Lakini baada ya kovu kila mtu alitoka nje na kuangalia migomba, na kila aliyetoka alirudi na sifa. Mzee mmoja wa ukoo alisema, mbele yangu, "Sasa kibanja kinafanana na enzi za baba yenu." Mdogo wangu alikuwa anagawa rubisi, pombe yetu ya ndizi, kwa wageni. Alitabasamu, akainamisha kichwa.

Siku ya pili nilitembea peke yangu kibanjani kama daktari alivyoagiza. Nilikwenda pole pole hadi kwenye kaburi la baba. Hapo nilisimama. Migomba mitano iliyokuwa imelizunguka, ile baba aliyoipanda kwa mkono wake, haikuwepo. Palikuwa na ardhi tupu iliyochimbuliwa, nyeusi.

Nilirudi nyumbani haraka kuliko nilivyoruhusiwa. Mdogo wangu na mke wangu walikuwa nje ya jiko wanamenya ebitoke, ndizi za kupika za mchana, kila mmoja na kisu chake, maganda yanadondoka kwenye jani moja.

"Migomba ya kaburini iko wapi?"

Mdogo wangu aliweka kisu chini. "Niliing'oa, kaka. Ilikuwa na mnyauko. Nilikata tunda moja, ndani lina kutu, na shina linatoa usaha wa njano. Ningeiacha, ungekuta kibanja kizima kimekwenda. Nilitaka kukueleza ukishapumzika."

"Nani alikuruhusu?"

"Ulikuwa umelazwa. Shemeji nilimwambia."

Hiyo "shemeji nilimwambia" ndiyo iliyonimaliza. Nilimwona mke wangu akiangalia maganda.

"Kwa hiyo mliamua wawili," nilisema. "Mwenye mji yuko India anapasuliwa, ninyi mnaamua. Au mlikuwa mnasubiri nife, ugawiwe vyote kwa pamoja, kibanja na mwenye kukipikia?"

Nilipoyasema niliyaona yanatoka. Hayakuwa na namna ya kurudi. Mke wangu aliinuka, akaingia ndani. Mdogo wangu alikiokota kisu chake. Kisha akamalizia ndizi aliyokuwa ameianza, akaiosha, akaitia sufuriani pamoja na nyingine, akanawa utomvu mikononi kwa mafuta. Asubuhi yake aliondoka na begi lake na jembe lake. Aliniaga kama kawaida. "Baki salama, kaka. Usiiname."

Sasa kibanja kilikuwa changu tena.

Niliajiri kibarua. Alikuwa mtu wa kazi za haraka. Alikata ua la mgomba huu kwa panga, akaenda mgomba mwingine na panga lilelile, hakulipitisha kwenye moto kuua ugonjwa. Nilikuwa naangalia kutoka kwenye kiti kilichowekwa barazani, mgongo wima kama nguzo, na nikamwona, na sikusema, kwa sababu kusema ingekuwa kukiri kwamba mdogo wangu alikuwa anafanya vinginevyo. Yeye alikuwa anavunja ua kwa kijiti chenye panda, hatumii chuma kabisa. Ndani ya miezi miwili majani ya migomba saba yalianza kunyong'onyea na kuwa manjano wakati mvua inanyesha.

Ilibidi mke wangu ang'oe. Nilimkataza, nikamwambia nitatafuta mtu, akanijibu, "Nani? Aliyekuwepo umemfukuza." Hayo ndiyo maneno marefu aliyonipa wiki hiyo. Akachukua jembe akaingia migombani na binti yetu mkubwa. Mimi nilikuwa natembea mzunguko wangu wa kila siku, dakika arobaini, nikimpita na kumpita tena. Aliinama, akachimba, akavuta visiki, nguo imemganda mgongoni. Mgongo mpya ulikuwa wangu, na kazi ya mgongo ilikuwa yake. Mzunguko wa tatu nilisimama.

"Nisamehe," nilisema.

Hakuinuka. "Mimi nilikusamehe nikiwa ndani siku ileile, maana nakujua. Lakini yeye ulimvua nguo mbele yangu." Alivuta kisiki kikatoka. "Unajua kwake hajavuna?"

"Hajavuna nini?"

"Kahawa. Msimu wote alikuwa hapa. Mkewe peke yake na mtoto mchanga angechuma nini? Alisema nisikuambie, eti utapata mawazo na kidonda hakitapona."

Nilikwenda Kamuli wiki iliyofuata, daktari alipokwisha kuruhusu safari ndefu. Sikumwambia kwamba nakuja. Dereva aliniacha barabarani, nikatembea njia ya katikati ya mibuni ya mdogo wangu. Nilikuwa nakitazama kibanja kile kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu, kwa sababu nilikuwa sipendi kwenda. Kila nikienda nilirudi nimenuna. Safari hii magugu, ambayo jembe lake lilikuwa bado halijayamaliza tangu arudi, yalinifika magotini. Kahawa ilikuwa imeiva, ikakauka juu ya mti, ikawa nyeusi, na nyingine imedondoka na kuota chini, miche midogo yenye majani mawili mawili. Nilitembea juu yake. Na nitasema ukweli ulivyo: katikati ya hasara yote ile niliona mkungu mmoja wa ndizi, mkubwa, umeegemezwa kwa nguzo mbili, na moyo wangu ukasema, hata akiacha shamba bado ananishinda. Ndivyo ulivyo wivu. Hauna hata adabu ya kusubiri nje mtu anapokwenda kuomba radhi.

Mke wa mdogo wangu alinipokea mlangoni na mtoto mgongoni. "Shikamoo, shemeji," alisema, akanipa kiti cha juu chenye mto, bila kuulizwa, kwa hiyo nilijua kwamba mgongo wangu ulikuwa umezungumzwa katika nyumba hii. Hakuniletea kahawa za kutafuna. Kwetu hilo ni neno zito kuliko tusi.

Mdogo wangu alitoka nyuma ya nyumba, mikono ina udongo. Tulisalimiana. Aliniuliza habari za mguu.

"Mguu mzima. Nimekuja kwa jambo jingine."

Akakaa kwenye ngazi. Mimi nilikuwa juu kwenye kiti na yeye chini, na nilitamani kushuka tulingane lakini mkanda haukuniruhusu.

"Nilikuonea wivu," nilisema. "Si wa siku ile. Wa siku zote. Siku ile wivu ulitafuta pa kutokea ukapapata. Migomba ya baba ilikuwa kisingizio. Uliing'oa kwa haki, na ningekuwa mimi ningeiacha mpaka iue kibanja chote."

"Najua," alisema.

"Unajua nini?"

"Kwamba ulinionea wivu. Kaka, tumekulia kitanda kimoja. Ulikuwa unang'oa machipukizi yangu usiku unayahamishia kwenye mashimo yako. Ulidhani sijui?"

Nilikuwa nimesahau. Ninaapa nilikuwa nimesahau kabisa, na aliposema yote yalirudi: baridi ya udongo, chipukizi mkononi, na jinsi yalivyokufa yote kwa sababu niliyang'oa vibaya. Mkewe alicheka kidogo kutoka mlangoni, akajizuia.

"Mimi hilo la wivu halinisumbui," mdogo wangu aliendelea. "Kilichoniumiza ni kwamba ulisema mbele ya shemeji. Tungekuwa wawili, ningeyaacha njiani nikirudi. Sasa nikija Chonyonyo nitamtazamaje? Nikicheka naye, utahesabu. Nikinyamaza, utahesabu."

"Nifanye nini?"

"Uliyasema mbele yake. Yafute mbele yake. Na wazee wawepo, wale waliokunywa rubisi siku uliporudi, maana na wao walisikia kwamba nimeondoka, na wana lao la kusema."

Lilikuwa jambo gumu kuliko upasuaji, maana upasuaji nililazwa. Jumamosi mbili baadaye nilisimama uani kwangu, mke wangu ameketi mkekani, mdogo wangu na mkewe wameketi, wazee watatu kwenye benchi, na dada amekuja kutoka Bukoba kwa ajili hiyo tu. Nilisema nilichokisema siku ile, neno kwa neno, kwa sababu mdogo wangu alitaka hivyo. Nilipofika kwenye "mwenye kukipikia" nilishika mkanda, nikayamalizia. Mzee mmoja alikohoa. Nikasema kwamba yalikuwa uongo, kwamba yalitoka kwenye kijicho changu, na kwamba mke wangu na mdogo wangu hawakuwahi kunikosea. Mke wangu alikuwa ameangalia chini muda wote. Nilipomaliza aliinua macho akaniangalia, mara moja tu, kisha akaenda jikoni, na baadaye kidogo nikasikia anamwita shemeji yake aje amsaidie kuepua sufuria.

Baada ya chakula niliwaambia wazee neno la pili, ambalo sikuwa nimelipanga na mtu. Nilisema upande wa chini wa kibanja, kuanzia kaburi la baba hadi bondeni, nataka uwe wa mdogo wangu, kwa maandishi. Wazee walibishana sana. Mmoja alisema kibanja cha urithi hakikatwi kama mkate. Dada akawaambia, "Mwacheni. Mgongo wake umewekewa kitu kipya, huenda na kichwa kimeguswa," watu wakacheka, na karatasi ikaandikwa. Mdogo wangu hakucheka wala hakushukuru. Alikwenda kusimama pale penye ardhi tupu karibu na kaburi, akakaa huko mpaka jua likapoa.

Hayo ni ya mwaka jana. Sasa hivi natembea bila mkanda. Nafundisha nimesimama vipindi viwili mfululizo. Siku za mvua tumbo linanivuta pale penye kovu, basi. Mke wangu anacheka tena, na akicheka na mdogo wangu bado kitu kinanitekenya chini ya mbavu. Nimejifunza kukaa nacho kama nilivyokaa na mguu, tofauti ni kwamba hiki hakina daktari.

Msimu wa kahawa ulipofika niliomba ruhusa shuleni siku tatu, tukaenda Kamuli nyumba nzima. Kuchuma kahawa ni kazi ya kusimama, kwa hiyo naiweza. Mdogo wangu alinipa mti mmoja na debe, yeye akachukua mti wa jirani. "Nyekundu tu, kaka," alisema. "Za kijani ziache." Nilimwambia mimi si mtoto. Akaendelea kunielekeza vilevile, tawi lipi nianze nalo, nilishushe vipi bila kulivunja, na watoto wake na wangu wakawa wanasikiliza mwalimu akifundishwa.

Vidole vyake vilipita kwenye tawi mara moja, likabaki majani. Debe lake lilijaa mimi nikiwa sijafikisha nusu. Nilimwona akilibeba begani, akaondoka nalo wima kuelekea kwenye mkeka wa kuanikia, na ule mchomo ukaja, uleule, mahali palepale. Nikashusha tawi jingine, nikaendelea kuchuma.